Namna ya Kufungasha Vifaa vya Kambi kwa Safari ya Kilimanjaro ya Desemba

Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba, Watanzania wengi huupanda Mlima Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru, kwa kuwa ni usiku wa kuamkia siku hiyo, mwaka 1961, ambapo Luteni Alexander Nyirenda aliusimika Mwenge kileleni. Ni safari ya kupendeza, ila huangukia kipindi ambacho mvua za vuli mara nyingi bado hazijakatika, na orodha nyingi za vifaa zinazosambazwa zimeandikwa kwa kuzingatia Agosti na Januari, miezi ambayo mlima huwa mkavu. Juzi nilimsaidia shemeji yangu kutoka Dar es Salaam kufungasha, na maswali yake ndiyo yaliyonifanya niuandike utaratibu huu. Nazungumzia njia ya Machame, ambako usiku wote hulala katika mahema. Anayepita Marangu hulala kwenye vibanda, hivyo hahitaji godoro la hatua ya tatu, ila mfuko wa kulalia wenye joto bado anauhitaji.

Hatua ya kwanza: ondoa pamba. Tandaza nguo zote sakafuni, usome lebo za ndani, kisha uweke kando kila fulana na suruali ya pamba, jinzi zikiwa za kwanza. Pamba ikilowa hushikilia maji na kumpoza aliyeivaa, na huko juu haikauki. Mahali pake chukua sufu, flisi (kitambaa chepesi chenye manyoya laini) au nguo za michezo za sintetiki. Binafsi huwatuma watu kwenye mitumba ya Memorial mjini Moshi kabla ya duka lolote, kwa sababu sweta zuri la flisi lililotumika halina tofauti na jipya isipokuwa bei. Koti la mvua ni jambo jingine: ligeuze ndani nje, na ikiwa utepe unaoziba mishono umeanza kubanduka, liache hata kama kwa nje linang'aa.

Hatua ya pili: viatu. Vaa buti zako mtaani wiki kadhaa kabla ya safari, hakikisha vidole vina nafasi mbele kwa ajili ya mteremko wa Mweka, njia ya kushukia, na ukate kucha.

Hatua ya tatu: mfuko wa kulalia. Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, nami nitakaa hapa kidogo.

Anza na namba. Mifuko iliyopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537 huwa na nyuzi joto zaidi ya moja kwenye lebo: ya kwanza ni ya kulala kwa raha, ya pili ni kikomo cha mtu anayelala kwa kujikunyata, na ya tatu, ambayo wauzaji hupenda kuiandika kwa herufi kubwa, ni ya kunusurika na kifo cha baridi, wala haina uhusiano wowote na usingizi. Tumia ile ya kwanza pekee. Kwa kambi ya Barafu, iliyo kwenye mita 4,673, ningependa namba hiyo iwe angalau nyuzi 10 chini ya sifuri, na kwa anayesikia baridi upesi, iwe chini zaidi. Ukikuta mfuko una namba moja tu isiyo na maelezo, chukulia kuwa ni ile ya tatu.

Ukikodi Moshi, usiukubali mfuko uliokunjwa. Ufungue wote dukani, ulale ndani yake na viatu ukiwa umevua, uvute zipu kutoka miguuni hadi kidevuni mara mbili, kisha uunyanyue kuelekea kwenye mwanga wa dirisha. Mfuko wa manyoya ya bata uliofuliwa vibaya huonyesha madoa ya mwanga mahali ambapo manyoya yamejikusanya na kuacha matupu, na kila tupu ni dirisha la baridi. Kwa Desemba napendelea mfuko wa nyuzi za sintetiki, ingawa ni mzito na hujaza begi, kwa sababu ukipata unyevu bado hubakiza joto kiasi, ilhali manyoya yaliyolowa hushikana na kuwa kama uji. Mwenye mfuko wa manyoya ulio bora asiuache nyumbani kwa ajili ya maneno yangu, mradi aulinde.

Kuulinda kwenyewe ni hivi. Mpagazi huliweka begi lako ndani ya kiroba na kulibeba kichwani saa nyingi mvuani, kisha hulitua kwenye tope. Kifuniko cha mvua cha begi hakitoshi, kwa kuwa huacha wazi upande wa mgongo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usiitegemee. Nunua mfuko mzito usiopitisha maji, wa aina ya mdomo wa kukunja, na uujaribu nyumbani: ujaze hewa, kunja mdomo mara tatu, funga kifungo, kisha uuzamishe kwenye beseni la maji huku ukiubana. Viputo vikitoka, umetoboka. Ndani yake weka mfuko wa kulalia pamoja na nguo za kulalia tu, wala usichanganye na kitu chochote kilichowahi kuvaliwa njiani.

Ukiwa kambini, usijifunike kichwa na kupumulia ndani, kwa maana pumzi ni maji. Nguo mbichi zisiingie humo kwa matumaini ya kukaushwa na joto la mwili. Asubuhi jua likitoka ukiwa kambi ya Shira, ugeuze mfuko na uuanike juu ya hema wakati unakunywa chai. Na usisahau godoro la kulalia, kwani baridi ya ardhini hupenya pale ambapo uzito wako umeubana mfuko.

Hatua ya nne: begi la mgongoni. Wapagazi watakupita mapema, na hutaliona begi kubwa hadi kambini. Kwa hiyo koti na suruali ya mvua, sweta moja, dawa, na maji ya lita tatu hubebwa nawe. Siyapendi makoti mapana ya kujitupia yasiyo na mikono, kwa sababu kwenye ukuta wa Barranco, mwamba mkali unaopandwa kwa kushikilia kwa mikono, humficha mtu asione anapokanyaga.

Hatua ya tano: furushi la kileleni. Nguo za usiku wa kileleni zifungwe peke yake na zisiguswe kabla ya Barafu, ambako mwendo huanza karibu na saa sita usiku na baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Betri za tochi ya kichwani zilale nawe. Maji yawe kwenye chupa ngumu iliyowekwa kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu. Mpira wa kunyonyea maji huganda mapema mno.

Hatua ya sita: pima. Mzigo wa mpagazi hupimwa getini na haupaswi kuzidi kilo 20, hivyo begi lako liishie kilo 15 ili ibaki nafasi ya vitu vingine anavyobeba. Likizidi, ondoa spika, manukato na jozi ya pili ya viatu vya mjini, wala usiguse soksi.