Kashata za oti za kupanda nazo Mlima Meru

Wapanda mlima wenzangu, zile baa za nafaka za supamaketi bei imechangamka na sukari imezidi, mi natengeneza mwenyewe, ni kashata zilezile tulizokulia ila naongeza oti na tende ili zikae tumboni.

Uwe na oti vikombe 2, karanga kikombe 1, ufuta nusu kikombe, tende 8 umetoa kokwa ukazikatakata, asali nusu kikombe, sukari guru ya kuponda nusu kikombe, siagi ya karanga nusu kikombe na chumvi nusu kijiko cha chai, chumvi usiache maana jasho litakutoka. Oveni sio lazima. Kaanga karanga kavukavu moto mdogo, pukusa maganda, zitwange nusunusu, halafu kaanga oti mpaka zinukie, ufuta mwisho na usitoke jikoni maana unaungua fasta sana.

Sasa kwenye shira ndo kila kitu. Asali na sukari guru zichemke pamoja huku unakoroga, mapovu yakiwa mazito dondosha tone kwenye glasi ya maji baridi, ukilishika linabonyea kama tende basi epua hapohapo. Likiwa gumu linagonga glasi ushachelewa. Kashata ya kukatika kwa sauti ni tamu ukiwa nyumbani, ila pale Saddle Hut, kambi ya kulala kabla ya kilele, mita 3,500 na ushee, saa nane usiku mnaanza kwenda kileleni baridi imeshaigeuza jiwe, mwenzetu mmoja aliilamba tu mpaka Rhino Point, njiani kwenda kileleni, na nguvu alikuwa anaihitaji kweli.

Ukishaepua tia siagi ya karanga, chumvi na hiliki kidogo, mwagia kwenye vitu vikavu na tende, changanya harakaharaka. Weka kwenye trei yenye karatasi ya kuokea ugandamize na kitako cha kikombe, gandamiza kwelikweli, wengi wanagusagusa tu halafu zinamomonyoka kwenye begi. Baada ya dakika 15 kata zikiwa vuguvugu, vipande vya upana wa vidole viwili, funga kimoja kimoja kwa karatasi, mifuko ya plastiki si imepigwa marufuku tangu 2019.

Chokoleti mi siweki, inayeyuka mnatoka tu geti la Momella. Usiku wa kileleni weka vipande viwili mfuko wa ndani wa jaketi, joto la mwili linavilainisha, na ule kidogokidogo hata kama husikii njaa maana huko juu hamu ya kula inakata kabisa.