Kitabu kwanza, nots baadaye: kujiandaa na Kiingereza cha kidato cha nne

Wanangu wa Tanga, Novemba haiko mbali. Jioni nikipita Ngamiani nawaona vijana barazani na nots za fasihi za fotokopi, wanakariri wahusika na dhamira, na kitabu chenyewe hawajakifungua. Inaniuma, kwa sababu kitabu kile kile kinafundisha fasihi na sarufi pamoja.

Nitatumia The Lion and the Jewel, tamthiliya ya Wole Soyinka wa Nigeria. Kama shuleni kwenu mmesoma nyingine, njia ni ile ile.

Hatua ya kwanza. Soma kitabu chote, kwa sauti, mkiwa watatu au wanne mkigawana wahusika. Tamthiliya hii ina sehemu tatu tu: asubuhi, mchana na usiku. Nots zitakwambia Lakunle ni mwalimu anayependa usasa. Ukisoma mwenyewe utamwona anamnyang'anya ndoo Sidi, msichana anayetaka kumwoa, na maji yanammwagikia. Picha hiyo haikutoki kichwani hata ukiwa na woga wa chumba cha mtihani.

Hatua ya pili. Fungua daftari la ushahidi. Upande mmoja andika hoja, upande wa pili tukio linaloithibitisha, kwa Kiingereza chako mwenyewe. Hapa ndipo wengi wanapopoteza alama: wanaandika kwamba mabadiliko yanapingwa kijijini, kisha wanaweka nukta. Nani anapinga? Kwa vipi? Baroka, mkuu wa kijiji, alimhonga mpimaji ili reli isipite kijijini kwake. Nyinyi wa Tanga mna la kufikiri hapo, maana reli yetu ilianza kujengwa mwaka 1893, wakati wa Wajerumani, na mnajua ilivyougeuza mji huu. Mtoto anayejiuliza Baroka aliogopa nini hasa, haishiwi la kuandika.

Hatua ya tatu, sarufi. Usikariri kanuni zikiwa peke yake. Chukua jambo la kitabuni uligeuze. Lakunle anakataa kutoa mahari, basi andika:

"I will not pay the bride price," Lakunle said.
Lakunle said that he would not pay the bride price.

Halafu sharti: If Lakunle had paid the bride price, Sidi would have married him. Kwa Kiswahili ni "Lakunle angelitoa mahari, Sidi angeliolewa naye." Ile "-ngeli-" unayo tangu utotoni, na kazi yake hapo ndiyo ya "had paid" na "would have married". Jambo halikutokea na wakati wake umepita.

Lakini Kiswahili kina mahali kinapotuponza. Sisi husema "amekuja jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali "He has come yesterday". Ukitaja jana, juzi au mwaka uliopita, andika "He came yesterday". Kosa hili nimelisahihisha mara nyingi kuliko jingine lolote. Tafadhalini, liandikeni ukutani.

Hatua ya nne. Kila Jumamosi fanya mtihani mmoja wa miaka iliyopita kwa saa tatu kamili, simu ikiwa chumba kingine.

MASWALI

Mwanafunzi, Pongwe: Shikamoo mwalimu. Mashairi yananishinda, sijui hata pa kuanzia.

Marahaba mwanangu. Anza na unachokijua kutoka somo la Kiswahili. Simile ni tashibiha, metaphor ni sitiari, personification ni tashihisi. Soma shairi mara tatu, kisha ujiulize nani anasema, anamwambia nani, na kimemsibu nini. Mambo ya vina na mizani yaje baadaye.

Mtahiniwa wa kujitegemea, Muheza: Mwalimu, mimi nafanya kazi mchana na sina wa kusoma naye.

Basi somea sauti mwenyewe na ujirekodi kwenye simu, kurasa tano kwa siku. Sikiliza ukiwa njiani. Sarufi yako iwe sentensi tatu kila usiku, si zaidi, ila usiruke hata siku moja.

Mzazi, Makorora: Mwalimu, mwanangu anasema ameshamaliza kusoma, nami Kiingereza sikijui. Nitamkagua vipi?

Mama, utamkagua kwa Kiswahili. Mkiwa jikoni mwambie akusimulie tamthiliya yote tangu mwanzo. Mkatize: kwa nini Sidi alikwenda kwa Baroka? Sadiku, mke mkubwa wa Baroka, alidanganywa nini? Akijibu bila kusita, amesoma. Akianza kusema "dhamira ya kwanza ni…", mrudishe kwenye kitabu.