London mpaka Tanga: usihesabu masaa ya ndege peke yake

Wana Tanga mlioko Uingereza, tuongee kidogo kabla hamjakata tiketi. Heathrow mpaka Dar kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,500, ukigawa kwa spidi ya ndege unapata masaa tisa na ushee, roho kwatu. Sasa wengi wetu tunaunganisha ndege, na hapo hesabu inabadilika. Addis ipo karibu kabisa kwenye ule mstari, ukipitia kule unaongeza kama kilomita 200 tu, masaa saba na nusu halafu kama matatu hivi mpaka Dar. Doha inakuvuta pembeni, jumla inafika kama 9,000, karibu masaa saba halafu karibu sita tena. Ila njia fupi yenye kusubiri masaa tisa kwenye viti vya chuma mimi siitaki, bora ndefu inayounganisha haraka. Na ukikaa Addis zaidi ya masaa 12, beba kadi ya homa ya manjano, Dar wataiuliza.

Halafu kuna hili la saa, hapa nimeumia mwenyewe. Tiketi yangu iliandikwa Jumatatu 02:40, mi nikampigia baba mdogo nikamwambia "nafika Jumatatu saa nane na dakika arobaini usiku". Nimetoka Terminal 3 ya Dar na mabegi mawili, simu asilimia nne, simwoni mtu. Napiga, anapokea na sauti ya usingizi: "Mwanangu, si umesema Jumatatu usiku? Leo si bado Jumapili?" Na alikuwa sahihi bwana, kwetu ule ni usiku wa kuamkia Jumatatu. Nikakaa juu ya begi mpaka kunakucha. Kwa hiyo taja hivyohivyo, "usiku wa kuamkia", na saa uitaje ya Kiswahili. Nyumbani saa hazibadilishwi, Waingereza ndo wanachezea zao, tofauti ni masaa matatu baridi, mawili kiangazi.

Haya umefika Dar, hujafika. Waja leo waondoka leo ni kwa wageni, wewe bado una kilomita kama 350 za lami, Chalinze, Segera, Hale, Muheza, ndo unashuka stendi ya Kange, Tanga. Basi linapiga masaa matano mpaka sita, yaani karibu mara mbili ya Addis mpaka Dar! Mabasi yapo stendi ya Magufuli kule Mbezi, na kutoka uwanjani na foleni ya asubuhi usipange chini ya lisaa limoja na nusu. Ndege ndogo za Tanga zipo, mara nyingi zinazunguka kupitia Zanzibar na Pemba, ila mzigo ni kama kilo 15, sasa zile zawadi za shangazi wa Makorora utaziacha wapi?

Wanachosahau wengi ni Mombasa. Kutoka uwanja wa Moi mpaka Tanga haifiki kilomita 200, siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu hupandi kivuko cha Likoni, unanyoosha mpaka Lunga Lunga, unavuka mpaka wa Horohoro, zinabaki kilomita kama 65. Ukiwa na pasi ya Uingereza omba kibali cha eTA cha Kenya mapema mtandaoni, na ile kadi ya manjano hapa ndo muhimu zaidi maana unaingia Tanzania ukitokea Kenya. Mi safari ijayo napita huko, baba mdogo nimemwambia anisubiri Horohoro saa kumi jioni, mchana kweupe.