Una mashine ya kukoboa mpunga? Anza na mizani, madawati baadaye

Msimu ukiisha, huku Igurusi, kwenye bonde la Usangu mkoani Mbeya, tunaanza kuona madawati yamepangwa mbele ya shule, fulana zenye jina la kampuni, na mpiga picha pembeni. Sina ugomvi na madawati. Ila mimi mwenyewe nina mashine, na najua mtu anaweza kukabidhi madawati Ijumaa, Jumatatu akamla mkulima kilo kadhaa kwenye mizani. Kwa hiyo ukiniuliza biashara inaifaaje jamii na mazingira, nitakwambia tuanzie ndani ya uzio wako: unapimaje, unatupa nini, na vumbi lako linamwangukia nani.

Mizani ikae mahali mkulima anaposoma namba mwenyewe, si nyuma ya meza ya karani. Iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, na stika ionekane. Toza kwa kilo, bei uiandike ukutani kwa rangi. Chaki hufutika, na hufutika zaidi siku wateja wakiwa wengi. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ikatae getini. Gunia lililofungwa kilemba limeshamwibia mkulima kabla halijashushwa, na kibarua analibeba kwa mgongo wake bila nyongeza hata ya mia.

Kwenye kuanika nitakaa kidogo, maana wengi wanadhani hiyo ni kazi ya mkulima peke yake. Mpunga wa Usangu unaanza kuvunwa kwa wingi mwezi wa tano, na watu huanika popote, hata pembeni mwa lami ya barabara kuu ya Zambia. Unafika mashineni na kokoto, tena haujakauka sawasawa. Mpunga wa kukoboa unatakiwa uwe na unyevu wa asilimia 13 hadi 14. Ukizidi hapo punje zinapondeka. Ukianikwa kwenye jua kali bila kugeuzwa zinapata nyufa, zikiingia kwenye roli za mashine zinatoka chenga. Kama huna kipimo cha unyevu, imenye punje uiume kwa meno ya mbele. Ikibonyea, rudisha juani. Ikikatika kwa mlio, washa mashine.

Sasa nunua maturubai, uwaazime bure wanaokoboa kwako. Waelekeze watandaze mpunga kwa unene wa sentimita 2 hadi 4, wageuze mara kwa mara, na jioni wakusanye na kufunika kabla umande haujashuka. Mkulima anaondoka na mchele mzima ambao dalali wa Dar hawezi kuukatia bei kwa kisingizio cha chenga, na wewe roli zako haziliwi na kokoto. Turubai hilo halitapigwa picha na mtu yeyote, lakini mwaka kesho mteja atakuja na shemeji yake.

Halafu pumba. Katika kila kilo 100 za mpunga, takriban kilo 20 ni maganda matupu, ndiyo maana nyuma ya kila mashine kuna kilima. Wengi wanakichoma. Moto wa pumba unatambaa chini kwa chini, juu unaona majivu yaliyopoa, mtoto anayefukuza mpira anazama mpaka magotini kwenye makaa. Wengine wanazisukumia mferejini, na mifereji yetu inarudisha maji Ruaha Mkuu, mto unaopita kwenye hifadhi na kushuka Mtera na Kidatu kwenye mitambo ya umeme. Mto huohuo umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990. Hauhitaji na taka zetu juu yake. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni mwa mto, kwa hiyo usirundike chochote huko.

Jenga kibanda cha kuta tatu na paa, bomba la pumba limalizikie humo, upande wa wazi usielekee upepo unakotoka. Hapo umeshawaponya majirani na vumbi. Kisha waite wachoma matofali. Pumba zinachoma tofali vizuri, na kila tanuru linalokubali pumba linaacha miti ya miombo imesimama. Wenye vitalu vya parachichi huko Rungwe wanaweza kuzitumia zikiwa zimechomwa nusu: zimwagie maji zikiwa bado nyeusi, kabla hazijawa majivu, zichanganywe na udongo wa miche. Zile laini za mashine ya kung'arisha ziweke kando kwa wafugaji, na zitoke mapema kwa kuwa zina mafuta na huchacha. Mkaa wa pumba watu wanausifu sana. Piga hesabu kwanza: ganda la mpunga lina silika, linakwangua skrubu ya mashine ya kushindilia mkaa huo, na umeme unaokwenda ni mwingi.

Vibarua walipwe jioni ileile, wapewe barakoa, na mikanda ya mashine iwe na kinga, hasa pale akina mama wanapopepeta na khanga zao. Wafanyakazi wako uwasajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hilo ni la kisheria, si hisani.

Ghala nalo lina faida yake. Anayeuza mwezi wa sita mara nyingi anauza kwa shida ya ada, si kwa kupenda bei. Mruhusu aweke magunia yake juu ya vichanja, mbali na ukuta, umpe stakabadhi yenye kilo, tarehe na sahihi zenu wote wawili. Usimkopeshe kwa sharti la kukuuzia wewe tu. Wapo wanaofanya hivyo na kujiita wakombozi wa wakulima.

Ukimaliza hayo na bado una akiba, nenda ofisi ya kijiji kabla hujaagiza dawati lolote. Uliza kinachokosekana. Mara nyingi utatajiwa kitu kisichopendeza kwenye picha: kalvati la njia ya mashambani, tundu la choo cha shule, koki ya bomba. Nunua hicho, risiti mwachie mtendaji, na uombe isomwe kwenye mkutano wa hadhara ili watu wajue kazi hiyo imeshalipiwa na wasichangishwe mara ya pili.