Kukata jipsamu kwa kisu cha wembe bila msumeno

Nilipokuwa nikiziba kipande cha dari nyumbani Moshi, fundi alinionyesha kwamba ubao wa jipsamu haukatwi hadi upande wa pili, bali huchanwa na kuvunjwa. Weka rula ndefu ya chuma juu ya mstari, kisha pitisha kisu cha wembe mara moja au mbili kwa mkono mwepesi, ukikusudia kukata karatasi ya juu na kugusa jipsamu iliyo chini yake tu. Baada ya hapo sogeza mstari huo ukingoni mwa meza, upande uliochanwa ukiwa juu, sukuma chini kwa kiganja kipande kinachoning'inia nje ya meza, na ubao utavunjika kwa mstari ulionyooka, ukibakiza karatasi ya nyuma ambayo utaimalizia kwa kisu. Hufanikiwa kwa sababu nguvu ya ubao huo imo katika karatasi zake mbili, ilhali kiini chake ni kikavu na chepesi kukatika. (Vumbi nalo hupungua sana kuliko la msumeno.) Njia hii hushindwa ubao ukiwa na unyevu, ukitaka ukanda mwembamba wa sentimita mbili au tatu, au tundu la duara la taa. Hushindwa pia wembe ukiwa butu, kwa kuwa huirarua karatasi kwa kuivuta. Kama wembe wako una mistari ya kuvunjia, vunja ncha iliyo butu kwa plaizi, ukiielekeza mbali na uso.