Algol ikififia: mwongozo kwa anayeanza na macho matupu

Juzijuzi mpwa wangu wa Tanga alinipigia simu akilalamika: "Mjomba, nyota yako imekataa kufifia." Alikuwa amekaa barazani saa mbili na mbu wake, Algol inang'aa vilevile. Nikamwuliza hiyo saa ya kupatwa aliipataje. Alipoanza tu kunieleza nikajua ametumbukia shimo lilelile nililotumbukia mimi.

Algol ni nyota maradufu: moja kali na ya buluu, nyingine kubwa zaidi lakini hafifu. Kila siku 2, saa 20 na dakika 49 ile hafifu hupita mbele ya mwenzake (huko ndiko kupatwa), na mwangaza hushuka kutoka 2.1 hadi 3.4 (namba ikipanda, nyota imefifia). Kushuka na kurudi huchukua takriban saa 10.

1. Itafute

Novemba hadi Januari. Kilimia kikishapanda juu upande wa kaskazini, nyosha mkono, pima shubiri moja kushuka kuelekea upeo, ukipinda kushoto kidogo. Ndiyo hiyo. Kutoka Dar haipandi zaidi ya nyuzi 42, kwa hiyo angalia mwembe wa jirani usikuzibie.

Darubini iache ndani. Ukiitumia, nyota za kulinganishia zitabaki nje ya duara lake.

2. Pata saa ya kupatwa

Hapa ndipo watu wanapopotea. Majedwali mengi hayatoi tarehe ya kawaida, hutoa JD, yaani siku zinazohesabiwa mfululizo bila mwezi wala mwaka. Desimali mwishoni ni sehemu ya siku. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi Novemba, nilikuta namba inayoishia .35. Nikazidisha kwa 24, nikapata saa 8 na dakika 24, nikahesabu kuanzia usiku wa manane wa Greenwich. Kwetu ikawa saa 5 na dakika 24 asubuhi. Jua linawaka! Nikalala zangu.

Kumbe siku ya JD huanza adhuhuri ya Greenwich. Kupatwa kulikuwa saa 5 na dakika 24 usiku, Algol iko mahali pazuri kabisa, nami nakoroma. Ubaya wa kosa hili ni kwamba saa yetu ya Kiswahili inalificha: tarakimu ni zilezile, kinachobadilika ni asubuhi na usiku.

Kanuni ninayoitumia sasa, na imebandikwa kwenye jalada la daftari langu: kwa Afrika Mashariki siku ya JD huanza saa 9 alasiri. Zidisha desimali kwa 24, jumlisha 9. Jibu likizidi 12, toa 12, uko usiku. Likizidi 24, toa 24, ni asubuhi, kalale. Mfano: 8.4 + 9 = 17.4, toa 12, inabaki 5.4, yaani saa 5 na dakika 24 usiku.

Jedwali likitumia UT, yaani saa ya Greenwich, ongeza saa 3 upate saa zetu zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane, kisha zigeuze ziwe za Kiswahili kama kawaida. Ila chunga tarehe: sisi tukishavuka saa 6 usiku, Greenwich bado wako jana mpaka saa 9 usiku. Na ukiona HJD (JD iliyorekebishwa kana kwamba unatazama kutoka kwenye Jua) badala ya JD, tofauti haivuki dakika 8 au 9. Kwa macho matupu, puuza.

Ukishanasa kupatwa kumoja hesabu imekwisha. Kwingine huja baada ya siku tatu, mapema kwa saa 3 na dakika 11: leo saa 9:00 usiku, kisha 5:49, kisha 2:38.

3. Linganisha

Almach, kushoto, ni 2.1. Epsilon Persei, kulia, 2.9. Alfa Trianguli 3.4. Algol ikiwa robo tatu ya njia kutoka Almach kwenda Epsilon, andika 2.7. Almach ina rangi ya chungwa, na jicho likiikodolea huiona kali kuliko ilivyo, kwa hiyo tupia jicho uondoke.

Usilinganishe na Rho Persei, ile nyekundu iliyo jirani kabisa. Nayo hubadilika, kati ya 3.3 na 4.0. Inavyovutia kuitumia, utadhani imewekwa pale makusudi.

4. Andika

Kila dakika 15, penseli na daftari, tochi imefunikwa kitambaa chekundu. Simu sitaki kuiona. Mwanga wake unakupofusha dakika ishirini. Funika makadirio ya nyuma kwa kiganja, la sivyo utaandika unachokitegemea badala ya unachokiona.

5. Chora

Saa chini, mwangaza pembeni. Nakili mchoro kwenye karatasi inayopenyeza mwanga, igeuze, isogeze mpaka mteremko ulale juu ya mpando. Katikati ya hapo ndiyo saa yako. AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwangaza, hupokea makadirio ya yeyote. Jina la kujazia ni BET PER (Beta Persei, jina jingine la Algol), na saa wanaitaka kwa UT au JD.

Mpwa wangu alitoka tena siku tatu baadaye. Saa 3 kasoro robo usiku nikapata ujumbe: "2.9, mjomba, na bado inashuka."