Unataka kutoka uwakili kwenda ubunge? Anzia hapa

Kwanza maliza digrii ya sheria, halafu Shule ya Sheria pale Dar, ndo Jaji Mkuu akupokee kuwa wakili. Usiruke hapo.

Sasa cha muhimu zaidi, chagua kesi zinazowagusa watu, ardhi, migodi, maji, maana mpiga kura hakumbuki mikataba ya makampuni uliyoandika. Mwangalie Tundu Lissu, kabla ya bungeni alikuwa anapigania wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Bulyanhulu pamoja na wenzake wa LEAT, shirika la wanasheria wa mazingira, 2010 akashinda Singida Mashariki kwa tiketi ya CHADEMA na 2017 mawakili wenzake wakamchagua rais wa TLS, chama cha wanasheria Tanganyika, na mwaka huohuo Septemba akapigwa risasi Dodoma, kwa hiyo ongea na familia yako mapema, hii kazi ina gharama jamani.

Kisheria masharti sio mengi, uwe raia, miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na chama kikupendekeze, mgombea binafsi hamna. Hapo kwenye chama ndo wengi wanakwama, so rudi jimboni mapema, kaa misibani, sikiliza. Ukiingia bungeni soma muswada wote, hadi majedwali ya mwisho.